Mashamba Yote Juu ya Jiwe Moja

Vijana wa kitengo cha mifumo mmeniomba niandike jinsi chama chetu kikuu cha kahawa kilivyotoka kwenye kompyuta moja ya mezani hadi kuhifadhi kila kitu kwenye wingu. Nimestaafu kwa hiari, nina muda, na mvua hainiruhusu kwenda shamba. Vyeo sitavitaja, kwa sababu barua zake ziko masjala na mnaweza kuzisoma. Nitaandika nilivyoanza, walionifundisha, vifaa vilivyotusumbua, kisha msimu ambao kahawa ya kijiji kizima ilikaribia kukosa mnunuzi wake na karani mmoja akakaribia kupoteza kazi. Mzaha wa wingu na mvua niliusikia katika kila ofisi niliyoingia, kwa hiyo sitaurudia.

Niliajiriwa kupima kahawa ghalani, hapa Mbinga mjini. Kompyuta ilikuja ndani ya boksi na ikakaa ndani ya boksi, maana aliyetakiwa kuifungua alikuwa amehamishwa. Ndani kulikuwa na kitabu cha maelekezo. Nilikuwa nakisoma mchana wenzangu walipokwenda kula, nikitumia kamusi niliyoazima kwa sista wa shule ya wasichana. Siku walipouliza nani anaweza kuiwasha, nilikuwa mtu pekee ndani ya jengo aliyejua kitufe kiko upande gani. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye fani hii. Chuo nilikuja kukiona baadaye, nilipokwenda kuwafungia printa.

Aliyenifundisha kazi hasa alikuwa mhasibu wetu, Mzee Mhina, mtu wa Tanga aliyeletwa huku akiwa kijana na akawa kila mwaka anasema mwakani anarudi kwao. Alikuwa Mwislamu mmoja katika ofisi ya Wakatoliki, na sikukuu zetu zote yeye ndiye aliyebaki zamu, nasi tukabaki zamu katika sikukuu zake. Hakupenda kompyuta. Alizichunga kama mtu anavyomchunga mgeni asiyemwamini.

"Umetoa nakala?" alikuwa akiniuliza kila Ijumaa kabla hajaenda msikitini.

"Nimetoa, mwalimu."

"Umeifungua ukaona kilichomo?"

"Bado."

"Basi hujatoa nakala. Umetoa matumaini. Ifungue, nikirudi uniambie."

Nilikuwa naifungua. Mara nyingine ilikuwa tupu. Tulitumia diski zile bapa, ambazo vumbi la maganda ya kahawa lilizipenda sana. Tulizifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuziweka kwenye kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko. Sijaona kifaa cha kuhifadhia taarifa kilichobuniwa vizuri kuliko kopo lile.

Baadaye ilikuja seva. Ilihitaji chumba chake na kiyoyozi chake, kwa hiyo ikawa ndiyo pekee iliyopewa ubaridi katika jengo zima. Haikuchukua muda kabla kreti za soda za wageni wa meneja hazijahamia humo. Msimu mmoja kulikuwa na keki ya harusi juu ya swichi ya mtandao, na mwenye keki akaniomba nisiwashe taa sana. Mimi nilikuwa nahofia zaidi radi. Mnajua radi za Novemba hapa kwetu. Ilipopiga kwenye nguzo ya nyuma ya ghala, betri ya akiba ilijitoa mhanga, lakini seva nayo ikaamua kuifuata. Tulirudisha taarifa kutoka kwenye kopo. Mzee Mhina alikwenda kuliangalia kopo, akalifuta vumbi, akalirudisha mahali pake.

Wakati huohuo nilianza kusoma kuhusu wingu. Nilielewa haraka kwamba ni jina zuri la jambo la kawaida: mtu mwingine ana kompyuta nyingi, anazilinda yeye, anazipoza yeye, nasi tunapanga sehemu kwake kama wapangaji wa chumba. Niliandika mapendekezo na kuyapeleka kwenye bodi. Wajumbe walikuwa wakulima, na maswali yao yalikuwa ya wakulima.

"Hizo taarifa zetu zitakaa nchi gani?" aliuliza mmoja.

Nilimtajia.

"Na mwenye nyumba akitufukuza?"

Nilisoma vitabu vingi juu ya jambo hili na sijakuta swali bora kuliko hilo. Nilimjibu kwamba mkataba lazima useme tunatokaje na vyombo vyetu, kwa muda gani, na katika mafaili ambayo mtu mwingine anaweza kuyafungua. Wakapitisha, kwa sharti kwamba kila mwaka tujaribu kuhama kweli: tushushe kila kitu, tukifungue hapa, tuone kama kimekamilika. Zoezi hilo mnalifanya hadi leo na mnalilalamikia. Halikutoka chuoni. Limetoka kwa mjumbe mmoja aliyewahi kutolewa vyombo nje.

Tulijaribu kwanza upande wa ziwa, tulipoombwa kukisaidia chama cha wakulima wa mpunga na wavuvi kule karibu na Lundo. Ofisi yao ilikuwa hatua chache kutoka ufukweni. Kuna wadudu wadogo wanaotoka ziwani kwa makundi yanayoonekana kwa mbali kama moshi, na kundi moja lilipitia dirishani likaingia kwenye feni ya kompyuta. Nilipoifungua, ndani hapakuwa na nafasi ya kitu kingine. Kompyuta ilikuwa imekwisha kufa na ilinuka dagaa walioanikwa vibaya. Lakini taarifa zilikuwa kwenye wingu, kwa hiyo tulileta kompyuta nyingine, tukaingiza nenosiri, na kila kitu kikawa mbele yetu. Wote walifurahi isipokuwa katibu wao. Alikuwa ameshawatangazia wanachama kwamba mahudhurio yote ya kazi za mfereji yamepotea, na yeye mwenyewe alikuwa na mapengo mengi humo.

Baada ya hapo hakuna aliyenibishia kuhusu wingu. Kwa kweli walianza kuliamini kupita kiasi, na hapo ndipo inapoingia kesi ya msimu niliouahidi.

Mnunuzi mmoja wa nje, ambaye alikuwa akichukua kahawa bora ya vyama vyetu vya milimani, alileta sharti jipya. Kila gunia lazima lijulikane limetoka shamba gani, na kila shamba lionekane kwenye ramani mahali lilipo. Chama cha msingi ambacho mashamba yake hayaonekani, kahawa yake ingechanganywa na ya kila mtu na kuuzwa kama ya kawaida. Kwa watu waliochuma nyekundu tupu, wakamenya siku hiyohiyo, wakaanika kwenye vichanja na kuigeuza hadi ikauka, hilo ni sawa na kuambiwa hawakufanya kitu.

Mnunuzi alitoa vishikwambi na akamleta kijana wa kufundisha makarani. Mafunzo yalifanyika kwenye ukumbi wetu na yalikuwa mafupi. Alisema: nenda na mkulima, bonyeza hapa, piga picha ya mkulima na kahawa yake, kisha usiondoke mpaka hii alama igeuke kijani. Akarudia hilo la kijani. Makarani wakaandika.

Karani wa chama kimoja upande wa Ukata, ambacho sitakitaja kwa kuwa wenyewe wanajijua, anaitwa Yustina. Ni mama mwenye sauti ya kwaya na kichwa kisichosahau. Alikwenda shamba la kwanza, akabonyeza, akapiga picha, akasubiri. Alama ilibaki ya njano. Alisubiri hadi mwenye shamba akaenda kula na kurudi. Ilibaki njano, kwa sababu kijani maana yake taarifa imefika kwenye wingu, na bondeni kwao hakuna mtandao. Mtandao uko mahali pamoja: juu ya jiwe kubwa lililoko mgongoni mwa mlima, ambako watu wote hupanda kuwapigia watoto wao walioko mjini.

Yustina aliifuta hiyo ya njano, akafanya kama alivyoagizwa. Alitangaza kanisani, baada ya misa, kwamba wanachama wote wapande jiweni kusajili mashamba. Walikwenda na nguo za Jumapili. Kwa kuwa picha ilitakiwa iwe ya mkulima na kahawa yake, kila mmoja alikuja na tawi la mbuni. Akabonyeza, akapiga, kijani. Mwingine, kijani. Alimaliza kabla ya vyama vyote vya wilaya na tukampongeza kwa barua.

Barua ya mnunuzi ilifuata. Ilikuwa ya adabu. Ilisema kwamba kwa mujibu wa ramani, inayoshika mahali kishikwambi kilipobonyezwa, wanachama wote wa chama hicho wana shamba moja, na shamba hilo ni mwamba. Waliomba tuthibitishe kama ni shamba la pamoja. Waliambatisha baadhi ya picha: watu waliovaa vizuri, wamesimama juu ya jiwe lilelile, kila mmoja ameshika tawi kama mtu anayengoja maandamano ya Jumapili ya Matawi. Kati yao wote alikuwako mmoja ambaye alama yake kwenye ramani ilikuwa sahihi, Mzee Bonifasi, kwa sababu jiwe liko shambani kwake. Alijivunia jambo hilo msimu mzima.

Mnada wa kahawa ulikuwa umekaribia. Meneja wetu aliniita, na nilipoingia nikawakuta Yustina na mwenyekiti wa chama chake, Mzee Kastory, wamekaa upande mmoja wa meza kama washitakiwa.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia mwenyekiti.

"Marahaba, kijana." Nilikuwa na miaka zaidi ya hamsini. "Tumeambiwa tumelima jiwe."

"Wanachama wanasema nini?" meneja alimuuliza.

"Wanasema karani ameuza mashamba yao kwa Wazungu. Wengine wanasema hapana, ameyapoteza tu. Mkutano mkuu umepangwa, na ajenda ya kwanza ni kumwondoa."

Yustina alikuwa anaangalia mikono yake. "Mimi niliambiwa nisiondoke mpaka kijani," alisema. "Kijani iko pale juu. Ningeileta wapi mimi?"

Agizo lilikuwa hivyo hasa.

Meneja alikuwa mtu mwema na alikuwa na haraka. Alisema tunajua kijiji kiko wapi, tunajua watu wana mashamba humo, basi mimi nifungue ramani kwenye kompyuta na nizisambaze zile alama kidogo kidogo kwenye miteremko, kila mtu mahali pake kwa makisio. Wingu lingepokea bila kuuliza, na kijani ingekuwa kijani. Nilimwambia inawezekana, maana ni kweli inawezekana. Ili waone, nilizisogeza chache kwenye skrini ya majaribio, bila kuhifadhi.

Mzee Kastory alivaa miwani, akasogeza kiti. Aliangalia kwa muda mrefu.

"Huyu hapa ni nani?"

"Gaudensia," nilisoma.

"Umemweka ng'ambo ya kijito. Pale ni ntambo ya akina Kapinga."

Kwa wageni mnaosoma hili: ntambo ni mteremko mzima, kutoka mgongo wa mlima hadi mtoni, na kijito kila upande, ambao ni wa ukoo mmoja. Babu aliupata, watoto wakagawana, wajukuu wakagawana tena. Mashimo ya ngoro, tunamolima mahindi na maharage, na mistari ya kahawa hubadilika, mpaka wa kijito haubadiliki.

"Ni makisio tu, mzee," alisema meneja.

"Nani anajua kwamba ni makisio? Hilo wingu linajua?"

"Halijui."

"Linasahau?"

Meneja aliniangalia mimi.

"Halisahau, mzee," nilisema. "Ndiyo kazi yake."

"Basi mwakani mtoto wa Gaudensia atakuja na simu, atasema imeandikwa serikalini na Ulaya kwamba mama yake ana kahawa kwa akina Kapinga. Na akina Kapinga wana mapanga." Alivua miwani. "Kahawa ikikosa mnunuzi tutalia msimu mmoja. Hii unayofanya hapa tutailia mpaka wajukuu. Futa."

Nilifuta. Meneja alivuta pumzi, akasema basi mashamba yatembelewe yote upya, na kama hayakamiliki kabla ya mnada, kahawa ichanganywe. Aliandika hivyo, akasaini, akanipa gari.

Mimi na Yustina tulianza kwa mpangilio wa namba za uanachama, kwa sababu ndivyo programu ilivyozipanga. Siku ya kwanza tulivuka mto mmoja asubuhi, tukauvuka tena, tukauvuka mara nyingine jioni, na wakulima tuliokuwa tumewafikia wangetosha kukaa benchi moja. Yustina alikaa chini kwenye majani, akavua viatu.

"Kaka, hii programu haijawahi kupanda mlima."

"Haijawahi."

"Kesho tusiifuate. Tuanze kwa ntambo. Tupande na kijito hiki, tushuke na kile. Ukiingia kwa baba umemaliza na watoto wake wote, wanapakana."

"Namba zitakuwa zimechanganyika."

"Kompyuta si ndiyo yako? Ipange usiku. Miguu ni yangu."

Ilibaki hofu yake ya njano. Alikuwa haamini kwamba alama ya njano imeshika kitu chochote. Nilimwonyesha: tukasajili shamba moja, nikazima kishikwambi kabisa, nikakiwasha, shamba lilikuwapo. Akataka nitoe betri. Betri haitoki, nikamweleza. Akataka nikae nacho hadi kesho yake. Nikakaa nacho. Kesho yake shamba lilikuwapo bado, na hapo ndipo alipokubali kwamba kitu kinaweza kuwa salama mkononi kabla hakijafika mbinguni, maneno yake hayo. Ningependa kila mfumo mtakaoujenga uanze na mtu kama yeye, anayetaka kuzima kwanza.

Tukatembea. Mzee Kastory alituma taarifa kila ntambo iwe na watu wake wanaongoja mpakani, na walingoja. Palipokuwa na ubishi kuhusu mstari fulani wa mibuni, hatukubonyeza mpaka wakubaliane. Mahali pengine walikubaliana haraka kwa sababu ya mvua. Kahawa ya huku inaishi chini ya migomba na miti ya kivuli, na ukisimama katikati yake kishikwambi hakioni anga vizuri kiasi cha kujua kilipo, kwa hiyo tulijifunza kuzunguka ukingoni na kusubiri. Niliteleza mara nyingi kuliko ninavyopenda kuandika. Yustina alikuwa mbele, viatu vya kanisani mkononi, akiita majina ya wenye mashamba kabla sijayatafuta.

Ntambo ya mwisho ilikuwa ya akina Kapinga. Tulipotoka pale, vishikwambi vilikuwa vimejaa njano tupu, na tukapanda jiweni kupeleka. Watu walitufuata. Waliposikia kinachofanyika walizima simu zao wenyewe ili mtandao ututoshe, jambo ambalo sijaliona kwenye kitabu chochote cha ufundi. Yustina alikaa katikati, akivitazama bila kupepesa. Ya kwanza iligeuka kijani. Zikageuka nyingine. Kulikuwa na shamba moja lililokataa mpaka watu wakaanza kutazamana, kisha nalo likageuka, na hakuna aliyepiga makofi kwa sababu hawakuwa na hakika kama kazi imekwisha.

Jibu la mnunuzi lilikuja nikiwa ofisini. Lilikuwa neno moja la kupokea na namba ya kundi la kahawa. Nilimpigia Yustina, alikuwa juu ya jiwe, alikokuwa akipanda kila siku kungoja.

"Imepita," nilisema.

"Yote?"

"Yote. Kahawa yenu inakwenda peke yake, kwa jina lenu."

Nikamsikia anawaambia waliokuwa karibu, "Leteni gari," kama vile gari liko nyuma ya kanisa.

Mkutano mkuu ulifanyika hata hivyo, kwa kuwa ulikuwa umeshatangazwa, na nilialikwa kueleza wingu ni nini. Nilieleza. Wakauliza kesho itakuwaje. Nikawaambia ninachowaambia ninyi: picha za setilaiti zitachora mashamba zenyewe, na programu zitakisia mavuno kabla hamjachuma. Lakini kutoka juu, kahawa iliyo chini ya miti inaonekana kama msitu, na siku moja mashine itawaandikia kwamba mmelima msitu. Siku hiyo mtahitaji mtu aliyefika pale na anayeweza kusema hapana. Mashine hizo tutazikodi kwa wenyewe, kama tunavyopanga leo kwenye wingu. Mtu huyo hatuwezi kumkodi kwa yeyote.

Walisikiliza kwa heshima, wakaingia kwenye ajenda ya kwanza. Mzee Kastory alisimama akasoma: kumwondoa karani kwa kosa la jiwe. Akauliza nani anaunga mkono. Mikono mingi ilinyooshwa, maana watu walikuwa wamejiandaa tangu zamani na hawakutaka kupoteza maandalizi. Akawahesabu, akawashukuru.

"Sasa," alisema, akiinua kishikwambi juu, "anayekichukua hiki ndiye atakayezunguka ntambo zote msimu ujao, mvua zikianza, kwa kuwa wanunuzi wanataka kila mwaka. Anayegombea anyooshe mkono."

Mikono ilishuka yote. Mtu mmoja aliyekuwa anajikuna sikio aliacha kujikuna. Mzee Kastory alisubiri muda wa kutosha, akaandika kwenye muhtasari kwamba ajenda imefungwa kwa kukosa mgombea, na akampa Yustina kishikwambi.

Yustina alisema anakubali kuendelea, ila anaomba jozi moja ya mabuti ya mvua. Mkutano ulijadili ombi hilo kwa urefu na kuliahirisha. Kwa hiyo, vijana, mtakapoandaa bajeti ya mfumo ujao, kabla ya seva, kabla ya leseni, kabla ya mafunzo kwenye ukumbi, mabuti yawekwe mstari wa kwanza. Anavaa namba sita.